Droni ya Kununua kwa Mkazi wa Mwanza: Upepo Kwanza, Kamera Baadaye

Mtu anayetafuta droni ya kupigia picha za harusi, mashamba au vivutio vya kando ya Ziwa Victoria huanza kuulizia kamera, kisha bei, na upepo humjia akilini siku ya kwanza ya kazi. Kwa huku kwetu mpangilio huo ni wa kugeuzwa. Asubuhi ziwa mara nyingi hutulia, lakini jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuta kutoka majini, na mchana huwa na nguvu hasa penye miamba kama Capri Point, ambako hewa hugonga mawe, hupanda, kisha hujikunja upande wa pili kwa vishindo visivyotabirika.

Ninazipanga droni hizi kwa hesabu moja tu: ukiondoa mwendo wa upepo kwenye mwendo wa droni, kinabaki nini cha kuirudishia nyumbani? Droni yenye uwezo wa mita 16 kwa sekunde, ikikabili upepo wa mita 10, hurudi kwa mita 6 tu. Kilomita moja iliyokuwa ya dakika moja huwa karibu dakika tatu, huku mota zikinyonya betri kwa nguvu zote. Droni yangu ya kwanza, kadogo kasichofika gramu 250, ilinifundisha hesabu hiyo mchana mmoja: ilikwenda ziwani ikisukumwa na upepo wa nchi kavu uliotangulia mvua, na nilipoigeuza, picha kwenye skrini ilisimama palepale kama imegandishwa, ilhali asilimia za betri zilikuwa zikishuka. Iliokolewa na kushushwa chini kidogo, kwa sababu upepo hupungua kadiri unavyokaribia uso wa maji, na kwa kubadili hali ya mwendokasi, ile yenye herufi S kwenye rimoti.

Ya kwanza kwenye orodha yangu, ambayo yote ni ya droni za kampuni ya China iitwayo DJI, ni Air 3, au Air 3S kwa mwenye nafasi. Ina gramu zipatazo 720, mtengenezaji anaithibitisha kwa upepo wa hadi mita 12 kwa sekunde, na mwendo wake wa juu ni mita 21. Katika upepo ule wa mita 10 inabakiwa na mita 11, na hicho ndicho unacholipia. Mavic 3 ina takwimu hizohizo za upepo na mwendo. Nyongeza ya bei ni ya kamera, na asiyeuza picha haihitaji.

Nafasi ya pili naipa Air 2S iliyotumika, ijapokuwa wauzaji wengi watakuvutia kwenye kitu kipya zaidi. Imethibitishwa kwa mita 10.7, lakini ina gramu 595 na hufika mita 19, kwa hiyo inarudi vizuri kuliko wadogo zake. Kabla ya kulipa, iombe iruke mbele yako na uiache itulie hewani dakika kadhaa. Pitisha kidole kwenye kingo za propela utafute mapengo, kisha tazama kama betri imevimba.

Ya tatu ni Mini 4 Pro. Nayo imeandikiwa mita 10.7, na mwendo wake wa juu ni mita 16. Ni nzuri sana kwa anayeweza kufanya kazi asubuhi. Sifa ya kutofika gramu 250 husifiwa mno kwa sababu ya sheria za Marekani na Ulaya. Hapa nchini shughulikia kwanza vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Wizara ya Ulinzi, zaidi ukizingatia kwamba uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, ufukweni kabisa. Mini 4K inaifuata kwa bei nafuu, ila haina vihisi vya kuona vikwazo vya mbele.

Neo, yenye gramu 135 na kikomo cha upepo wa mita 8 kwa sekunde, ni ya uani. Usiivushe maji.

Takwimu hizo zina maana ukiweza kuusoma upepo, na ziwa lenyewe ni kipimo. Mita 10.7 ndiyo ukingo wa juu wa kiwango cha 5 cha Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, na katika kiwango hicho mawimbi mengi huwa na povu jeupe vichwani. Ukiona povu hilo limetapakaa kuelekea kisiwa cha Saa Nane, droni za nafasi ya pili na ya tatu zibaki begini, kwa kuwa juu, unakotaka kupiga picha, upepo ni mkali zaidi. Mwanza pia iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, propela huzunguka kwa kasi zaidi, na dakika za betri zilizoandikwa kwenye boksi hutazifikia. Ndiyo maana, fedha ikibaki, nunua betri ya ziada na seti ya pili ya propela kabla ya begi zuri, na anza kila safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili wakati wa kurudi ukusukume.