Laptopu kuzima ikiwa na asilimia 43: kosa langu la shilingi 4,500

Stima ilikuwa imepotea hapa Kondele, Kisumu, tangu asubuhi. Mzee mmoja ameketi kando yangu ananisomea barua ya mgogoro wa shamba, mimi napiga chapa. Tumefika "Wako mtiifu" tu, laptopu ikazima. Sekunde moja kabla ya hapo ilikuwa inaonyesha asilimia 43.

"Si ulisema ina betri, kijana wangu?"

Inayo, tena mbili. Ni mtumba wa aina ile yenye betri moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Ya nyuma nilikuwa nimeibadilisha mwaka juzi, lakini fundi wa mjini aliikamata, akaipima kwa mkono kama anayenunua nyanya, akasema, "Bosi, hii imechoka, weka kubwa." Nikatoa 4,500. Nikarudi kazini, mashine ikadumu zaidi kweli, kisha ikazima. Safari hii kwa 28.

Hapo ndipo nilipoacha kuwasikiliza watu. Nilifungua ile skrini nyeusi ya Windows, nikaandika powercfg /batteryreport, ikanitolea ripoti ya kila betri peke yake. Ya ndani inadai inabeba wati-saa 18 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa), ya zamani ya nje 24, hiyo mpya 47. Sasa piga hesabu: 18 kati ya 42 (18 na 24) ni asilimia 43, 18 kati ya 65 (18 na 47) ni 28. Kumbe mashine hula betri ya nje kwanza, na kila ikihamia ile ya ndani, inakufa. Asilimia ninayoiona ni jumla ya zote mbili, na fungu zima la ndani lilikuwa uongo.

Nikachomoa ya nje, nikawasha kwa ya ndani pekee. Ilionyesha 100. Dakika nne, giza.

Na si ajabu. Betri ya ndani ilikaa imejaa pomoni miaka yote kwa sababu ya nje ndiyo iliyokuwa ikitumika, tena kwa joto hili la Kisumu. Lithiamu haipendi kujaa na joto kwa pamoja. Kipimo chake nacho, kwa kuwa hakikuwahi kuiona ikiisha, kiliendelea kukisia kwa matumaini.

Ya ndani nimeinunua 3,200 na kuiweka mwenyewe: unaizima kwanza kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, unachomoa chaja na betri ya nje, ndipo unafungua kifuniko cha chini. Ukiikuta imevimba, usiidunge wala kuibana. Yangu haikuwa imevimba.

Tangu Machi haijazima ovyo hata mara moja. Duka lilikataa kurudisha ile kubwa, kwa hiyo bado naitumia. Imetokeza chini, laptopu imeinuka nyuma, na kalamu za wateja zinaniteremkia mapajani.