Antivairasi kwa biashara ndogo: kirusi kikikamatwa, nani anajua?

Habari zenu, karibuni. Leo naongea na wewe mwenye biashara ya kompyuta 5, 20, hata 100, usiye na idara ya TEHAMA. Una fundi mmoja unayempigia simu mambo yakiharibika, na huyo fundi ana wateja wengine 10. Kwa wiki 3 nimekuwa nikijaribu antivairasi za biashara za kampuni 4: Microsoft, Bitdefender, ESET na Sophos. Zote nimetumia leseni za majaribio ambazo hata wewe unaweza kuzichukua kwenye tovuti zao. Hakuna aliyenilipa.

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mna haraka. Kwenye kukamata virusi, hizi 4 zimekaribiana sana. Ukichagua yoyote kati yake hujapotea. Zinapoachana ni baada ya kukamata: taarifa inakwenda kwa nani, inafika lini, na huyo mtu anaweza kufanya nini akiwa mbali na ofisi. Muda mwingi wa video hii nitautumia hapo.

Niwaambie kwa nini. Niliitwa kwenye ofisi moja yenye kompyuta 14. Kila moja ilikuwa na antivairasi yake, ya kulipia, tena halali. Asubuhi ile mafaili ya hesabu hayakufunguka. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni, na kwenye skrini kulikuwa na ujumbe wa kudai fidia. Nikafungua kumbukumbu za antivairasi kwenye kompyuta ya mapokezi. Siku 4 nyuma ilikuwa imekamata programu ya kuiba nywila. Imeikamata, imeifuta, imetoa tahadhari kwenye kona ya skrini. Dada wa mapokezi alikuwa na mteja mbele yake, akabofya alama ya kufunga akaendelea na kazi. Simlaumu hata kidogo. Lakini nywila ilikuwa imeshatoka. Usiku mmoja mtu akaingia kwa njia ya kuunganisha kompyuta ukiwa mbali, akatafuta mashine dhaifu, akaipata ile ambayo leseni yake ilikuwa imekwisha bila mtu kutambua.

Kwa hiyo antivairasi ilifanya kazi yake, na ofisi ikaungua vilevile. Zilikuwa programu 14 zisizofahamiana, kila moja ikipiga kelele chumbani kwake.

Ndiyo maana nasema antivairasi ya biashara, kitu unachonunua hasa ni dashibodi. Ukurasa mmoja unaoonyesha kompyuta zako zote: ipi imesasishwa, ipi haijawashwa wiki 2, ipi leseni inakaribia kwisha, ipi imekamata kitu leo saa 4 asubuhi. Mfano mzuri ni wa Microsoft. Antivairasi ya Defender iko ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo ya ziada, na maabara huru kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, imekuwa ikiipa alama za juu, sambamba na za kulipia. Basi ukinunua Defender for Business unalipia nini? Injini ya kukamata virusi ni ileile. Unalipia dashibodi, uchunguzi wa jinsi mvamizi alivyoingia, na uwezo wa kuchukua hatua kutoka mbali. Unalipia macho.

Hapa niwaonye wale wanaoweka zile za bure za nyumbani ofisini. Masharti ya nyingi yanasema ni kwa matumizi binafsi, si ya kibiashara. Avast Free ni mfano. Na zile funguo za leseni za wizi zinazopitishwa kwenye flashi, tafadhali, achana nazo. Unamkaribisha mwizi aje akufungie kufuli.

Sasa tuje kwenye jaribio. Kuna faili moja maarufu inaitwa EICAR. Ni mstari wa herufi na alama 68 tu, hauna madhara yoyote, ila watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi. Ni kama kengele ya mazoezi ya moto. Nilichofanya ni hiki: Jumamosi usiku, ofisi imefungwa, nikaweka faili hilo kwenye kompyuta moja ya majaribio, kisha nikaenda kukaa na simu yangu.

Kukamatwa, lilikamatwa kote, na nilitarajia hivyo. Nilichokuwa nasubiri ni simu iniambie. Na jambo nililojifunza ni kwamba lazima uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya arifa, uandike barua pepe ya mtu halisi, uchague aina ya matukio, halafu ujaribu. Kampuni zote 4 zina sehemu hiyo. Usiishie kuamini kwamba imewekwa. Na usiandike anwani ya jumla ya ofisi ambayo kila mtu anadhani mwingine anaisoma. Andika ya mtu mmoja, na ya pili ya msaidizi wake.

Fanya jaribio hili hata kwenye antivairasi uliyo nayo sasa. Dakika 10 tu. Kama umeweka EICAR na hadi kesho yake hakuna binadamu aliyejua, hali yako unaifahamu tayari.

Jaribio la pili: nikaingia kama mfanyakazi wa kawaida, asiye msimamizi, nikajaribu kuizima antivairasi. Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wavamizi wa siku hizi hawaanzi na kufunga mafaili. Wanaanza kwa kuzima antivairasi, kisha wanafuta zile nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea, ndipo waanze kusimba, yaani kuyafunga mafaili kwa ufunguo walio nao wao tu. Kwa hiyo hakikisha ulinzi dhidi ya kuchezewa (tamper protection), unaozuia mtu kuizima, umewashwa, na kuiondoa programu kudai nywila. Na wafanyakazi wasitumie akaunti za msimamizi kwa kazi za kila siku. Hilo halina gharama.

Tuje sasa kwa moja moja.

Defender for Business. Kama tayari mnalipia Microsoft 365 Business Premium, imo humo ndani, hivyo angalia kabla hujanunua kingine. Nimeona watu wakilipia mara mbili. Inafaa hadi watumiaji 300, na kila mtumiaji anaruhusiwa vifaa 5. Mambo 2 ya kukumbuka. Haikubali Windows toleo la Home, na biashara ndogo nyingi ndiyo wanayo, kwa sababu kompyuta zilinunuliwa moja moja. Na seva zinahitaji leseni yake ya ziada. Piga hesabu hizo mapema.

ESET PROTECT, kutoka Bratislava, Slovakia. Sifa yake ya miaka mingi ni wepesi, na kwenye kompyuta yangu ya zamani kuliko zote hapa niliendelea kufungua majedwali makubwa ya hesabu bila kusubiri. Kilichonivutia zaidi ni kwamba dashibodi yake unaweza kuitumia kwenye wingu, yaani kwenye seva zao kupitia intaneti, au kuisakinisha kwenye seva yako mwenyewe. Kama ofisi yako intaneti ni ya kusuasua, hilo lina uzito. Kwenye wingu, kila kompyuta inahitaji kutoka nje ili ionekane. Kwenye seva ya ndani, wewe na fundi wako mnaona mtandao wenu hata laini ikiwa imekatika. Ila nayo seva hiyo inahitaji mtu wa kuitunza, sawa?

Bitdefender GravityZone, ya Romania, na Sophos, ya Uingereza, nitaziweka pamoja kwa sababu kwangu zinashindana kwenye jambo moja: kurudisha mafaili. Zote mbili zina kipengele kinachotambua mafaili yakianza kusimbwa kwa wingi, kinazuia, kisha kinarudisha yaliyoguswa. Kwa Sophos kinaitwa CryptoGuard. Ni kitu kizuri sana kuwa nacho, lakini mnisikilize kwa makini: hiyo si bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili. Ni mto wa kuangukia.

Sophos wana pia huduma ya wataalamu wao kukuangalizia mtandao wako usiku na mchana, na Bitdefender na ESET nao wanayo yao. Kwa biashara isiyo na mtu wa kufungua dashibodi, mimi ningefikiria huduma hiyo kabla ya kufikiria daraja la juu la programu. Kwa nini ununue vioo 50 vya kuangalia na huna wa kuvitazama?

Kitu kimoja cha kuuliza muuzaji yeyote: kitufe cha kuitenga kompyuta na mtandao kiko kwenye daraja ninalonunua? Maana kwa baadhi ya kampuni kipo kwenye madaraja ya juu peke yake. Ukipata taarifa saa 5 usiku, unataka kubofya mahali pamoja, ile kompyuta ikatwe na wenzake, ulale, asubuhi fundi aje.

Najua mtaniuliza kuhusu Kaspersky, antivairasi ya kampuni ya Urusi. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2024, na masasisho kwa watumiaji wa huko yakatakiwa kukoma tarehe 29 Septemba mwaka huohuo. Kama una ofisi au mshirika huko, jambo hilo linakugusa moja kwa moja, na mimi kwenye jaribio hili nikaiacha.

Na wengine mtaniuliza, vipi antivairasi yenyewe ikileta balaa? Inatokea. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye hitilafu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilibaki ardhini, hospitali zikahangaika. Hiyo si sababu ya kuishi bila kinga. Ila ni sababu ya kuchagua kampuni inayokuruhusu kugawa kompyuta zako kwenye makundi, kundi dogo lipokee matoleo mapya ya programu kwanza, wengine wafuate. Na ujue namna ya kuwasha kompyuta yako katika hali salama (Safe Mode) kabla ya siku ya kuhitaji.

Sasa, mambo ambayo hakuna hata moja kati ya hizi itakufanyia. Kirusi cha kudai fidia cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kupiga hospitali za umma za Uingereza, kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Karibu miezi 2. Kwa hiyo kusasisha Windows hakuna mbadala, na kama bado una Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Antivairasi juu ya mfumo usiozibwa viraka ni mlinzi mzuri mbele ya nyumba ambayo nyuma iko wazi.

Pia barua pepe ya kughushi inayosema mteja wako amebadilisha akaunti ya benki haina kirusi ndani yake. Ni maneno tu. Antivairasi haina cha kukamata. Hapo ni kupiga simu kwa namba unayoijua siku zote, na kuweka uthibitisho wa hatua 2 kwenye barua pepe za kila mtu anayegusa fedha.

Na bakapu. Juni 2017 kirusi NotPetya kilisambaa kupitia sasisho la programu ya uhasibu ya Ukraine, kikaifikia kampuni ya meli ya Maersk. Walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zao za kutambua watumiaji zilikuwa nyingi, zikinakiliana, na zote zikafutwa kwa pamoja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Hiyo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kule, ikawa nje ya mtandao. Kila nikisimulia kisa hiki natazama diski ya bakapu ya mtu ninayeongea naye, na mara nyingi naikuta imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Ichomoe. Uwe na nakala moja isiyofikika kutoka kwenye mtandao wako, na angalau mara moja kila miezi michache ujaribu kurudisha faili kutoka humo.

Uamuzi wangu basi. Mko kwenye Microsoft 365 Business Premium na Windows Pro: anzeni na Defender for Business. Kompyuta za zamani au intaneti ya shida: ESET. Mna mafaili mengi ya wateja kwenye seva moja na hofu yenu kubwa ni kufungiwa: linganisheni Bitdefender na Sophos kwa leseni za majaribio, wiki 2 kila moja. Na kama hakuna mtu atakayesoma arifa, ongeeni kwanza kuhusu huduma ya kuangaliziwa.

Kabla ya kusakinisha mpya, ondoa ya zamani kabisa na uwashe upya kompyuta. Antivairasi 2 zinazofanya kazi kwa pamoja hugombana na kuifanya mashine iwe nzito. Anza na kompyuta 2, kaa nazo siku 3, mwenye kutumia programu ya hesabu awe mmoja wao. Muuzaji wa programu ya hesabu akikuambia utoe folda zima kwenye ukaguzi, muulize ni faili gani hasa, utoe hilo tu. Ukimaliza kompyuta ya mwisho, weka EICAR juu yake, na usiondoke ofisini mpaka simu yako ilie.