Nakuru hadi Kisumu kwenye plaiwudi moja: uzoefu wangu na XTrackCAD, programu ya kuchora reli za mfano

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Nakuru, na kompyuta naijua kwa kuitazama tu. Lakini marehemu babangu alikuwa mtu wa relwe na sisi tulilelewa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mpaka leo nikifumba macho nasikia garimoshi la Kisumu likianza kupanda kuelekea Njoro usiku. Ndiyo maana mteja mmoja aliyekuwa anahama aliponiambia hana salio la kabati lake, ila ana katoni ya reli ndogo za mfano, sikubishana naye sana.

Katoni ilikuwa na injini moja, mabehewa matano, pointi nne (vipande vya kubadilishia njia) na reli za HO, yaani kipimo cha 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nyingi ni za kampuni ya Peco, vinyoofu vya milimita 168 na mikunjo ya rediasi ya milimita 438. Nikaziunga sakafuni, zikatoa umbo la yai, injini ikazunguka, mke wangu akacheka, basi. Treni inayozunguka haina safari. Nilitaka Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, kisha mteremko wa Fort Ternan na Muhoroni mpaka ziwani.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kuna programu za kuchora hayo kabla hujakata mbao." Tulianza na AnyRail, ambayo bila kulipa inakupa vipande 50. SCARM inakupa 100. Zote rahisi kushika, lakini mimi nilikuwa nimemaliza vipande vyangu 50 kabla sijafika Elburgon. Tukahamia XTrackCAD, ambayo ni ya bure bila kikomo cha vipande na haikuielemea laptopu ya mtumba ya mpwa wangu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuielewa kwa kuiangalia tu. Usiku wa kwanza nilizima nikalala.

Ukishaizoea, unachagua orodha ya kampuni iliyotengeneza reli zako, unachukua kipande kimoja kimoja na kukiunga na mwenzake kwenye skrini, kila kimoja kikiwa na urefu wake wa kweli. Ukitaka reli ya kupinda upendavyo, ipo. Ukitaka kuona treni ikitembea, unaiweka na kuiendesha hapo hapo. Mpwa wangu alipenda hiyo sehemu ya treni. Mimi nilipenda orodha ya vifaa: ukibofya, inakuandikia mchoro wako unahitaji vinyoofu vingapi, mikunjo mingapi, pointi ngapi.

Na orodha hiyo ndiyo iliyonivua nguo. Nilikuwa nimeandika ukubwa wa meza, 244 kwa 122, plaiwudi nzima ya futi nane kwa nne. Nikachora kwa furaha. Kila kitu kiliingia! Nakuru ikapata njia tano za stesheni, Mau ikapata misitu, Kisumu ikapata gati. Nikamwita mke wangu aone. Halafu nikafungua orodha ya vifaa: vinyoofu 71. Kwenye katoni ninavyo 22. Nikakaa nikiangalia. Kumbe programu ilikuwa kwenye inchi nami nilikuwa nawaza sentimita, kwa hivyo nilikuwa nimejipa meza ya zaidi ya mita sita kwa tatu, kubwa kuliko karakana yenyewe. Kosa ni langu, na mtu aliyeshika tepu miaka ishirini anaona aibu kulisema. Kabla hujachora chochote, ingia kwenye mipangilio uweke metriki.

Nilipoweka vipimo sawa, Kisumu ikaanguka nje ya meza. Nikapiga hesabu. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 217 za reli. Ukizigawanya kwa 87 unapata karibu kilomita mbili na nusu. Na kutoka Nakuru kupanda hadi Mau Summit ni zaidi ya mita 600, ambazo mezani ni mita saba. Ningetoboa paa. (Tena reli za HO zina upana wa milimita 16.5, ambao ukizidisha kwa 87 unapata upana wa SGR, reli yetu mpya, wala si mita moja ya reli yetu ya zamani. Kwangu SGR imeshapita Nakuru.)

Basi nikaamua kutafuta mpando tu, na hapa ndipo programu ilipojilipia kwa mtu ambaye hakuilipia kitu. Unaandika kimo cha reli hapa, kimo cha reli pale, nayo inakuambia mwinuko kwa asilimia. Mpando wangu wa kwanza ulisoma 7.5. Sikuiamini. Nikachukua ubao wa sentimita 240, nikafunga reli juu yake, nikainua upande mmoja kwa vipande vya mbao. Kwa sentimita 12, ambayo ni asilimia 5, magurudumu yalizunguka bure na mabehewa matano yakabaki palepale. Kwa sentimita 7.2, asilimia 3, yote matano yakapanda, polepole, injini ikilia kama iko Molo kwenyewe.

Duara zima la rediasi ya 438 lina urefu wa mita 2.75. Kwa asilimia 3 linapanda sentimita nane na kidogo, na nane ndizo ninazohitaji ili treni ipite juu ya treni nyingine pamoja na unene wa ubao. Yaani ikizunguka mara moja inapita juu ya njia yake yenyewe, kama reli inavyofanya kule pwani kati ya Miritini na Mazeras. Mau haina kitu kama hicho, ina madaraja marefu ya chuma. Nikaazima duara la Mazeras nikalileta Molo. Babangu angenuna.

Kuchapisha: programu inatoa mchoro kwa ukubwa halisi, karatasi za A4 nyingi zenye alama za kuunganisha, na unachagua zile tu zenye reli. Zangu zilikuwa 38. Nikaenda saiba moja mjini, shilingi kumi kwa karatasi. Nyumbani nikaweka kinyoofu cha Peco juu ya mchoro wake. Kinyoofu milimita 168, mchoro 163. Nikabadilisha rula, 163. Printa ilikuwa imeubana mchoro ili utoshee karatasi. Nikarudi, kijana akaangalia, akasema, "Pole fundi, ungesema usipunguzwe." Kweli, sikusema. Shilingi 380 zikawa karatasi za kuwashia jiko. Mara ya pili nilichapisha moja, nikaipima pale pale kaunta, ndipo nikaagiza zilizobaki.

Hizo nilizigundisha kwenye plaiwudi kwa gundi ya maji, nikakata kwa msumeno kufuata mstari, nikalaza reli juu. Kiungo kimoja tu kilikataa, na hicho nilikata mimi vibaya.

Nyota tano? Nne. Moja naizuia kwa sababu ya usiku ule wa kwanza, na kwa sababu ukiwa na simu peke yake haitakusaidia. Hii ni ya kompyuta.

Kwa sasa treni inatoka Nakuru, inapiga duara, inafika Mau Summit na kusimama ukingoni mwa meza. Faili ya plaiwudi ya pili iko tayari, imeandikwa "Kisumu". Namngoja mteja wa vitanda viwili alipe.