TAHADHARI: Anayejiita daktari wa kuhamishia mafuta ya tumboni chini ya macho, Sinza

Jamani dada zangu, naandika nikiwa bado na uvimbe chini ya jicho la kushoto, na hasira hazijanitoka. Kuna mwanamke yuko Sinza, ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Anachukua hela za watu akidai anatoa mafuta tumboni na kuyaweka chini ya macho ili weusi uondoke. Hakuna mafuta anayotoa! Jina lake siliweki hapa mpaka polisi wamalize kazi yao.

Mnaonijua mnajua nilivyohangaika na haya macho tangu nijifungue, na maneno niliyosemwa kwenye ile kicheni pati. Kwa hiyo asije mtu kuniuliza nilikuwa natafuta nini. Nilimwamini kwa sababu alifanya kila kitu anachofanya daktari. Alinipima presha. Aliniuliza kama nina kisukari, kama bado nanyonyesha, kama natumia dawa za kulainisha damu. Hela yote hakuitaka, alisema lipa nusu, iliyobaki utaleta ukishaona matokeo. Ukutani vyeti vimejaa, vina fremu na mihuri, kimoja alisema alikipata Uturuki. Na aliyenielekeza ni mtu ninayeswali naye, namheshimu. Ungekuwa wewe ungekataa?

Alinilaza, akanichoma sindano ya ganzi pembeni ya kitovu, akanifunika macho kwa kitambaa cha kijani. Nikawa nasikia tu. Anasukuma, anavuta, huku ananisemesha, "Usikaze tumbo mama, mafuta yanakuja vizuri." Mashine fulani ikanguruma kidogo, akasema inayachuja. Kisha akafunua kitambaa, akaniletea bomba la sindano mbele ya uso, ndani kuna kitu kizito cha njanonjano. "Haya ni ya kwako mwenyewe, mwili hauwezi kuyakataa." Nikamshika mkono, nikamwambia Mungu akubariki. Yaani hapo ndipo panaponiuma kuliko sindano zenyewe. Nilimwombea dua mtu anayeniibia!

Akaanza kuchoma. Maumivu yalipanda mpaka kwenye paji la uso, nikapiga kelele, akasema ndiyo mafuta yanakaa mahali pake. Akanipa kioo. Shimo lote la chini ya macho limejaa, sura inang'aa. Nikatuma nusu iliyobaki kwa simu nikiwa bado nimekaa kitandani kwake. Laki nane na nusu jumla, na ile hela mnajua ilikuwa ya nini.

Uvimbe haukushuka. Kushoto kukawa na kitu kigumu, nikigusa kinasogea. Nikampigia, akasema kanda kwa maji ya moto. Nikampigia tena, sasa anataka laki mbili nyingine, eti ana sindano ya kuyeyusha. Nilipomwambia sina, akaniblok.

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona hospitali alianza kwa kuangalia tumbo. Akakuta kitobo cha sindano ya ganzi, basi. Akanieleza kwamba mafuta yanavutwa kwa mrija unaoitwa kanula, lazima ngozi ichanwe kidogo, na tumbo linavilia damu na kuuma. Mimi tumbo halikuuma hata siku moja. Na hiyo sindano ya kuyeyusha ndiyo iliyomuumbua: inayeyusha jeli ya asidi ya hyaluroni, ile ya kujazia ngozi, mafuta ya mwili haiyagusi. Kama kweli aliweka mafuta yangu, alitaka kuyeyusha nini? Mpaka sasa hakuna anayejua nina nini usoni.

Halafu kumbe hata yangekuwa mafuta ya kweli yasingenisaidia. Mafuta hujaza shimo, na sehemu yake hunyonywa na mwili. Weusi wangu ni rangi ya ngozi yenyewe, mama anao, bibi alikuwa nao. Na kilichonitetemesha miguu ni hiki: kitu hicho kikisukumwa ndani ya mshipa wa damu karibu na jicho, kinaweza kuziba mshipa unaolisha jicho, na wewe ukapofuka moja kwa moja. Yule mwanamke alikuwa anachoma huku anaongea na simu!

Afungwe. Sitaki kurudishiwa hela, nataka afungwe, na pale pafungwe kwa kufuli la serikali. Nimeulizia Baraza la Madaktari Tanganyika, jina lake kwenye daftari halimo. Vichupa vyake havikuwa na lebo, hilo nalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Risiti hatoi, fomu ya kusaini hana, picha anazoonyesha zote hazina sura kamili. Anayemtetea humu ndani naye nitamtaja polisi.

Kama umepita mikononi mwake, usikande, na usirudi kwake kuyeyushwa. Ukiona ukungu au giza jichoni, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Meseji na miamala usifute. Niandikie inbox, nimeshafungua jalada na mpelelezi anataka walalamikaji wengine.