Kibodi ya gemu ipi ununue? Saizi, swichi na bajeti, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kukimbia

Kila anayetaka kibodi ya mekanikali, yaani ile yenye swichi yake chini ya kila kitufe, anauliza "ipi kali?", na mi kila mara namrudishia swali, meza yako ina ukubwa gani na unacheza gemu gani? Watu wanaona kama nawazungusha lakini hapo ndo pesa nyingi zinapotelea. Mtu ananunua likibodi la vitufe 104 la bei ndefu, anacheza gemu za kupiga risasi na spidi ya mausi ameishusha chini, mkono unasafiri mbali, kila akitaka kugeuka nyuma mausi inagonga kibodi, keshauawa. Mwisho unamkuta ameilaza kibodi kimshazari ili mkono upate pa kupita, na ile sehemu ya namba ya upande wa kulia hajaigusa toka ainunue.

Kwa hiyo kabla ya majina tuanze na saizi, maana swichi zinabadilishwa, vikofia vya vitufe vinabadilishwa, taa zinazimwa, ila saizi ukishalipia ndo umeoana nayo.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye kibodi karibu zote, kutoka katikati ya kitufe mpaka katikati ya jirani yake ni milimita 19.05. Kibodi kamili yenye sehemu ya namba inakuwa na karibu sentimita 43 za vitufe tu, fremu bado. TKL, yaani iliyokatwa sehemu ya namba ikabaki na vitufe 87, inashuka mpaka kama 35, hapo umeokoa sentimita 8, ni nafasi ya maana kabisa. Zinazofuata zinaitwa kwa asilimia, ni majina tu ya saizi. 75% inafika kama 30 na nusu. Sasa hapa ndo huwa nacheka, 65% nayo ni hiyo hiyo 30 na nusu! Tofauti yao sio upana, ni kwamba 65% imekatwa safu ya juu ya F1 mpaka F12. Halafu 60% ya vitufe 61 ni kama 28 na nusu. Kwa hiyo anayekwambia ametoka 75% kwenda 60% ili mausi ipumue, amepata sentimita 2, na kwa hizo sentimita 2 ametoa mishale, Delete na safu nzima ya F.

Mi mwenyewe nilishaingia huo mkenge. Nilinunua 60% kwa sababu ya picha, nyeupe, imekaa mezani inapendeza balaa. Wiki ya kwanza nikagundua gemu niliyokuwa nacheza inasevu kwa F5 na kurudi ulikosevu kwa F9, sasa kwenye 60% F9 maana yake ushike Fn ubonyeze 9, na pambano likiwa limechanganya vidole havikumbuki hayo, nikawa nabonyeza 9 peke yake nabadilisha silaha badala ya kurudi nyuma. Nilivumilia mwezi nikaiuza. Wapo wanaozizoea vizuri tu, hasa wenye gemu moja kila siku, ila kama kompyuta hiyo hiyo ndo unaandikia kazi na kujaza majedwali utaisoma namba.

Swichi sasa. Makundi ni matatu, linia inashuka moja kwa moja bila kukwama, takitaili ina kanundu unakahisi njiani, na kliki ina kanundu halafu inalia tik kila ukibonyeza. Rangi tulizozizoea zilitoka kwa swichi za Cherry MX, nyekundu linia, kahawia takitaili, bluu kliki, na watengenezaji wengine kina Gateron, Kailh na Outemu wakafuata humo humo, lakini siku hizi rangi zimevurugika, unakuta zambarau hii linia na zambarau ile takitaili, kwa hiyo soma aina usisome rangi. Cherry MX nyekundu inataka nguvu ya gramu kama 45, inasajili, yaani kompyuta inahesabu umebonyeza, ikishashuka milimita 2 na mwisho wa safari ni milimita 4. Ile ya fedha ya spidi inasajili kwenye 1.2, inasikika tamu mpaka siku uandike meseji ndefu, kidole kikiegemea tu kitufe cha pembeni herufi imeshaingia.

Mi nasema linia kwa gemu, takitaili kama unaandika sana kuliko unavyocheza, na bluu kama unaishi peke yako na huongei kwenye maikrofoni. Hilo la mwisho sio utani, timu yako itasikia kila hatua unayopiga na kuna siku watakuzima sauti.

Haya, twende kwenye mpangilio. Huu ni wangu na kuna watu watanuna.

Nafasi ya 1: 75% ya bei ya kati, yenye hotiswapu

Kama sijui chochote kuhusu wewe hii ndo nitakwambia ununue. Mishale ipo, F zote zipo, mausi ina nafasi, na kwa bei ya kati ndo kibodi zimekuwa nzuri mno miaka hii ya karibuni. Aula F75 ni mfano mzuri, inaunganishwa kwa waya, kwa Bluetooth au kwa kile kidude cha 2.4 GHz cha kuchomeka kwenye USB, na ndani bamba linaloshika swichi limekalia gasketi, ndio, neno lile lile la mafundi wa injini na kazi yake inafanana, ni kitu laini kinachokaa kati ya vigumu viwili ili visigongane, matokeo yake sauti inakuwa nene na vidole haviumii kwa kugonga chini. Keychron V1 ni ya waya lakini unaipanga kila kitufe utakavyo kwa VIA, programu ya kupangia vitufe, na mpangilio unakaa ndani ya kibodi yenyewe, ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine unaenda nao. Ukitaka sauti na uhuru wa kutotumia waya chukua ya kwanza, ukiwa mtu wa kuchokonoa chukua ya pili.

Hotiswapu usiiache. Maana yake swichi zimechomekwa kwenye soketi, unaing'oa kwa kikoleo kinachokuja kwenye boksi, hakuna kulehemu. Kuna TKL niliwahi kuwa nayo, W ikaanza kujirudia, naandika "wewe" inatokea "wwewwe", nikasema poa ntavumilia, ila kwenye gemu kubonyeza W mara mbili ilikuwa ni kuruka mbele, kwa hiyo mtu wangu anatembea zake kwa amani mara karuka shimoni. Nikang'oa swichi ya Scroll Lock, kitufe ambacho sijui hata mara ya mwisho nimekibonyeza lini, nikaihamishia kwenye W, dakika 2 kazi imeisha. Ingekuwa imelehemiwa ningekuwa natafuta fundi au natafuta kibodi nyingine.

Ila angalia soketi. Kuna bodi za bei ya chini zinaandikwa hotiswapu lakini vitundu vyake vyembamba vinapokea swichi za Outemu tu, ukilazimisha nyingine unapinda miguu. Na kuna swichi za miguu 5 ambazo haziingii kwenye bodi ya miguu 3, hiyo haina shida, vile viwili vya plastiki vya pembeni unavikata kwa nelikata, vya chuma usiviguse.

Nafasi ya 2: TKL ya bei ya chini

Kama bajeti imebana usinunue 75% ya ajabu ajabu, nunua TKL ya jina linalojulikana. Redragon K552 imekuwa sokoni miaka mingi, bamba la chuma, nzito kwa saizi yake, kelele kiasi, ila inapigwa na inadunda. Keychron C3 Pro ni laini zaidi na inakubali VIA, ambayo kwa bei yake ni kitu adimu. Zote za waya. Kwa gemu waya sio aibu.

Hapa chini kwenye bei ndogo ndo wanapovizia wale wa "mekanikali filingi". Soma hayo maneno mara mbili, hiyo sio mekanikali, ni kibodi ya kawaida ya mpira imevalishwa taa za upinde wa mvua. Nilishaletewa moja hivyo, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa MECHANICAL na neno la pili dogo kama limeandikwa na siafu. Namna ya kujua ni kuvuta kikofia kimoja tu, Esc kwa mfano. Ukiona kijiboksi cha swichi na juu yake kimsalaba kidogo cha plastiki, iko sawa. Ukiona tundu na kinguzo cha plastiki kinachozama, ukibonyeza kinabonyea kama rimoti, irudishe siku hiyo hiyo.

Nafasi ya 3: swichi za sumaku, kama unapambana kweli

Hizi zinatumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Ndani ya swichi kuna sumaku na chini kuna sensa inayopima sumaku imekaribia kiasi gani, kwa hiyo hakuna chuma kugusana na chuma na kibodi inajua kitufe kimeshuka wapi muda wote, sio kujua tu kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Faida yake kubwa ni ile wanayoita rapidi triga, kitufe kinajizima papo hapo unapoanza kukiachia badala ya kusubiri kirudi juu mpaka kivuke mstari wake. Kwenye gemu ya risasi kama CS2 (Counter-Strike 2), ambapo lazima usimame ndo risasi iende unakolenga, unaisikia kabisa, unaachia A na mtu wako amesimama.

Wooting 60HE ndo iliyofanya kila mtu azitake, unaweza kuiweka isajili kwenye milimita 0.1 mpaka 4, ila ukiiweka 0.1 hata kupumzisha kidole ni kubonyeza, mi naona kuanzia 0.5 hivi unaishi kwa amani. Wooting wana 80HE pia kwa anayetaka mishale na safu ya F. Bajeti ikiwa ndogo kuna DrunkDeer A75, 75% ya sumaku kwa bei ya chini. Swichi za sumaku hazibadilishani na zile za kawaida, akiba yako ya swichi za zamani haitakusaidia hapo.

Na kuna ile ya kushika A na D pamoja halafu kibodi ikachagua ya mwisho, Razer wanaiita Snap Tap. Agosti 2024 Valve, wenye gemu hiyo, waliipiga marufuku kwenye CS2, ukiitumia kwenye seva zao unatolewa kwenye mechi. Izime kabla hujaingia, rapidi triga yenyewe haina kesi. Kama we ni mtu wa mpira, magari na gemu za hadithi, pita zako, nafasi ya 1 inakutosha.

Nafasi ya 4: kamili, au 96%

Kwa anayeingiza namba kila siku, basi. Hapo chukua 96% kama Aula F99, sehemu ya namba ipo ila imesogezwa ikabanana na vingine, unaokoa sentimita kadhaa. Keychron V6 kama unataka kila kitu mahali pake pa kawaida.

Nafasi ya 5: aluminiamu nzito za bei ya juu

Keychron Q1 ina zaidi ya kilo 1.5 na ukiibonyeza unaelewa hela imeenda wapi, sauti, uzito, ubaridi wa chuma asubuhi. Naipenda. Lakini haikufanyi upige hata risasi moja zaidi kuliko V1, ndugu yake wa plastiki, kwa hiyo kwenye orodha ya gemu inakaa huku chini, hela iliyobaki ongezea kwenye mausi au skrini.

Nafasi ya mwisho: 60% ya bei chee

Nishasema yangu. Kama lazima, RK61 inafanya kazi, ila ikiwezekana chukua RK68 ya nyumba hiyo hiyo ya Royal Kludge, unarudishiwa mishale.

Kuna mambo mawili matatu yanaandikwa kwenye maboksi kwa mbwembwe. Hertzi 8000 maana yake kibodi inaripoti kila milisekunde 0.125 badala ya kila milisekunde 1 kama zile za 1000, na kama skrini yako ni ya hertzi 60 picha inabadilika kila milisekunde 16.7, piga hesabu mwenyewe kama utaona hiyo tofauti. Bila waya kwa gemu tumia kile kidude cha 2.4, Bluetooth waachie wakati wa kuandika. Vikofia vya plastiki ya PBT vinachelewa kung'aa kwa mafuta ya vidole kuliko vya plastiki ya ABS, hiyo naijali kwa sababu WASD yangu ya zamani, vile vitufe vinne vya kutembelea, iling'aa mpaka ikawa kama imelowa.

Ikishafika, siku hiyo hiyo bonyeza kila kitufe kwenye ukurasa wa kupima kibodi, kisha shika W, A, Shift na spesi kwa pamoja uone kama zote zinasoma. Halafu gonga spesi pembeni, kushoto na kulia sio katikati. Ikilia kama bati lililolegea hiyo ni stabilaiza kavu, kile kiwaya kinachosawazisha vitufe virefu, grisi kidogo ya kupaka plastiki kwenye ncha za huo waya inatuliza, ila kama hujawahi kufungua kibodi anza na Enter, ni fupi na ikiharibika haikuumizi sana.