Mwaka mmoja juu ya pikipiki ya stima Nairobi: faida, hasara na foleni ya betri

“Kijana, imezima?”

Mama niliyembeba kutoka Kangemi siku ya kwanza aliniuliza hivyo tukiwa tumekwama kwenye jam ya Waiyaki Way. “Haijazima, mama. Hii ni ya stima, ikisimama hunyamaza.” Akanishika bega kwa nguvu zaidi. Naona ule ukimya ulimtisha kuliko matatu zilizotubana pande zote.

Hiyo ilikuwa Februari 2024. Nimeiendesha mwaka mzima sasa, siku sita kwa wiki, na kwa kuwa wenzangu wa steji hawachoki kuniuliza kama wahame petroli, acha niandike mara moja. Kampuni sitaitaja. Ninayoyasema utayakuta kwa zaidi ya moja.

Kilichonisukuma ni bei ya mafuta. Tarehe 14 ya kila mwezi sisi wa boda husubiri tangazo la bei kama matokeo ya mtihani, na Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Pikipiki yangu ya petroli, Boxer, ilikuwa inameza karibu lita tatu kwa siku. Nikaiuza, nikachukua hii ya stima kwa mkopo, nikatoa shilingi 25,000 za kuanzia, nikaanza kulipa 450 kila siku kwa miezi 14. Kila siku ni kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo.

Kwa pesa, siwezi kulalamika. Siku ya kilomita 120 hivi, betri hunigharimu kama shilingi 350, wakati kwa petroli nilikuwa natoa 570 na zaidi. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta. Jioni mgongo na mikono haviumi kama zamani kwa sababu haitetemeki. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilipogeuza barabara kuwa mito, nilipita kwenye maji ya kufika kwenye vikanyagio na haikuzima, ingawa kwa kweli sikupenda kujaribu bahati yangu mara ya pili. Kasoro ya ukimya ni kwamba watu hawakusikii ukija. Mtu anavuka huku anaangalia simu, na wewe uko hapo. Honi yangu imefanya kazi kuliko ya dereva wa matatu.

Sasa tuje kwenye betri, maana pikipiki yenyewe ni nusu tu ya unachochukua. Betri si yako, unakodi. Ikiisha unaenda kwenye kituo, unatoa ile iliyoisha, unawekewa iliyojaa, unalipa kwa M-Pesa, unaondoka. Siku nzuri ni dakika tatu, haraka kuliko foleni ya petroli. Siku mbaya ni saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu ametoka kupeleka wateja Westlands na mjini na betri zote zimeisha pamoja. Programu ya simu inakuonyesha kituo kina betri sita zilizojaa. Unafika unakuta moja, na mbele yako watu tisa wamekalia pikipiki zao wakicheza na simu. Hiyo ndiyo saa ya pesa kwetu, na mimi nimekaa hapo dakika arobaini nikiwaona wateja wangu wakichukuliwa na Boxer.

Nimejifunza kwenda saa tisa mchana hata kama nimebakiwa na asilimia 40, kwa sababu unalipia ulichotumia tu. Ukichukua hii pikipiki, shika hilo kabla ya lingine lolote.

Betri pia inakupangia jiji. Lavington, Kileleshwa, Westlands, katikati ya mji, hapo naenda bila wasiwasi. Mteja akisema Limuru, naanza hesabu: mlima wote ule, tuko wawili, ana gunia, na kule juu sijui kituo cha kubadilisha. Mara moja nilikubali kwa tamaa. Kurudi nilishuka taratibu kama mtu anayebeba mayai, nikafika Kangemi na asilimia 4. Jirani yangu wa steji hubeba watu wa Kikuyu na Limuru kila siku, na nilimwambia waziwazi akae na petroli yake.

Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024 ndiyo siku niliyoijutia hasa. Stima ilipotea karibu nchi nzima saa tatu kasoro asubuhi. Betri zilizokuwa zimejaa vituoni ziliisha mapema, na mchana nilikuwa nimeegesha nikinywa chai huku nikidaiwa 450 zangu. Watu wanasema umeme wa Kenya unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana, na sehemu kubwa ni kweli. Ila siku hiyo petroli ilikuwa inauzwa na mimi nilikuwa nimekaa.

Matengenezo: fundi wetu wa jua kali, anayefungua injini ya Boxer akiwa anapiga stori, aliiangalia hii akaniambia, “Ndugu, hapa mimi ni mgeni.” Kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota, iliharibika Julai, nikasubiri karakana ya kampuni siku tano. Baada ya kubishana sana walinisamehe malipo ya siku mbili. Na ujue pia kwamba ukichelewa kulipa wanaizima wakiwa ofisini. Mwenzangu mmoja iligoma kuwaka mbele ya mteja, na mteja akadhani anatapeliwa.

Kwa kazi ya mjini naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama vituo vingekuwa vya wote. Serikali inajenga Konza, kule njia ya Mombasa, iwe jiji mahiri, na sina neno na hilo. Lakini hapa Nairobi kila kampuni ina betri yake, umbo lake, plagi yake. Napita kituo cha wengine kimejaa betri, yangu imebaki asilimia 6, na sina ruhusa hata ya kuuliza. Petroli haiulizi ulinunua pikipiki wapi.

Deni langu linaisha mwezi wa nne. Juzi nilimuuliza dada wa ofisini, “Nikimaliza kulipa si pikipiki ni yangu kabisa?”

“Ni yako kabisa.”

“Na betri?”

“Hiyo utaendelea kukodi kwetu.”

“Na nikitaka ya kampuni nyingine?”

Akacheka. “Haitaingia.”