Treni ilinipita nimenyoosha mkono

Stesheni ya kijijini kwetu huku Devon naipa nyota moja. Nilitaka kuipa mbili kwa ajili ya maua yake, lakini hasira bado haijanitoka.

Kwa wasiojua, kwenye baadhi ya stesheni ndogo za mashambani Uingereza treni haisimami mpaka uiombe. Unasimama mahali ambapo dereva atakuona, unanyoosha mkono. Ukitaka kushuka, unamwambia kondakta mapema. Hapa kwetu hakuna mfanyakazi wala dirisha la tiketi. Nyumba ya mkuu wa stesheni iliuzwa zamani, watu wanaishi humo na kuanika nguo. Yote hayo nimeyazoea.

Kilichonichoma ni jioni moja ya vuli, nikienda zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee mjini. Nimesimama chini ya taa, nimevaa koti la njano linalong'aa, mkono juu. Treni ikatokea konani, ikapiga honi, ikapunguza mwendo kidogo, halafu ikaongeza. Abiria wananitazama madirishani! Dereva macho mbele tu. Iliyofuata ilikuwa baada ya zaidi ya saa nzima.

Nikabonyeza kitufe cha msaada. Aliyepokea yuko mbali huko, hata jina la stesheni ilibidi nimrudie. Nikamweleza, akaniuliza, "Una uhakika ulinyoosha mkono?" Mwenzangu wa zamu ya mchana, hajakaa chini tangu asubuhi, akabaki na wazee mpaka nilipofika, na mtoto wake mdogo yuko kwa jirani. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikadai fidia. Jibu: kumbukumbu zao zinaonyesha treni ile ilipita kwa wakati, kwa hiyo hakuna ucheleweshaji. Kwa wakati! Itachelewaje na haikusimama?

Mtu atasema stesheni ina kosa gani. Kweli, haina. Wastaafu wa kijijini wanaifagia na kumwagilia maua bila kulipwa hata senti. Mmoja wao alikuwa darajani na mbwa wake jioni ile, akaona kila kitu, akaniandikia barua ya ushahidi bila kuombwa. Mwaka 1963 ripoti ya Beeching, aliyekuwa mkuu wa reli za Uingereza, ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe, na nyingi zikafungwa kweli. Yetu ilinusurika. Lakini abiria aliyeachwa jukwaani hahesabiwi popote, na kesho hesabu hizohizo ndizo watakazotuonyesha wakisema stesheni haina watu.

Basi nabadilisha. Stesheni na wanaoitunza, nyota tano. Wanaoendesha treni, hata hiyo moja nawanyang'anya. Barua ya pili nimeshaituma, ushahidi wa yule mstaafu mwenye mbwa umo ndani. Wakinijibu tena habari za "kwa wakati", naipeleka kwa mbunge wetu.